"HAKUNA SHIDA, BABA"



Kijana ametoka Kasongo, amefika Kisangani kuanza chuo kikuu. Kwao alikuwa wa kwanza darasani. Hapa ukumbi umejaa, mwalimu hamjui jina, minervali haijatimia, masomo yanamshinda. Baba akipiga simu, yeye hujibu: "Hakuna shida, baba." Je, ni uongo ama ni huruma?

Wengi watasema huruma: mzee ameuza mbuzi, kwa nini aongezewe mzigo? Lakini tuangalie vizuri. Mara nyingi kijana anailinda aibu yake mwenyewe, si moyo wa baba. Na baba asiyejua hawezi hata kumtafutia ndugu wa kumpokea pale mjini.

Hatusemi kila usiku wa njaa usimuliwe. Kuvumilia nako ni sehemu ya kusoma. Ila katika LMD mwaka una krediti 60, na semesta ya kwanza huonyesha mapema anayezama. Jambo ambalo baba akilijua angeamua vingine, hilo ni lake pia.

Nanyi wazazi mnaojibu, "Mbona wenzako wanaweza?", hiyo "hakuna shida" mtoto aliifunza kwenu.