Je, Saa Yaweza Kumshuhudia Mtu?

Sisi wa Tarime na Serengeti twajua maana ya mizani. Mkulima wa pamba akifika kituoni hutazama mizani kwanza, ndipo aulize bei. Tena kuna Wakala wa Vipimo wa kuikagua na kuigonga chapa. Lakini siku hizi imeingia mizani nyingine majumbani mwetu, nayo hatujamwona wa kuikagua: saa ya mkononi inayohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi.

Mwanetu aliye Dar es Salaam alituletea mbili, moja yetu na moja ya mama yake. Mwanzoni tulicheka. Tulipanda bodaboda kwenda mjini, barabara ikiwa na mashimo yake, na saa ikatuandikia mamia ya hatua tukiwa tumekaa. Kesho yake tulisukuma toroli la mbolea migombani asubuhi nzima, mikono imeshika mipini, tukapewa hatua chache kama za mgonjwa.

Tulipokuwa darasani tuliwaambia wanafunzi: kabla ya kusoma kipimo, jua chombo kinapima nini. Saa hii haioni mguu. Huona mtikisiko wa mkono. Wala haioni usingizi. Huona mkono uliotulia, nyingine zikiongeza na mapigo ya moyo, kisha hukisia. Wanaopima usingizi kwa hakika hubandika nyaya kichwani ili kusoma mawimbi ya ubongo. Basi mtu aliyejilaza kimya, macho wazi, huenda akaandikwa kuwa amelala fofofo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba vya namna hii. Sita vilihesabu mapigo ya moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Lakini katika kukadiria nguvu itumiwayo na mwili, hata kilichokuwa bora kilikosea kwa asilimia 27.

Kicheko kilikoma mama alipoanza kusema halali. Mwanetu, ambaye huyaona mambo ya saa hizo katika simu yake, akamjibu, “Mama, mbona inaonyesha umelala saa saba?” Nasi tulioshiba somo la vipimo tukamwunga mkono kijana! Mama hakubishana. Alinyamaza tu, na kwa majuma matatu hakutaja tena usiku wake. Kumbe alikuwa akijilaza bila kugeuka asituamshe, akivumilia maumivu ya nyonga. Utulivu ule ule wa kutuhurumia ndio saa iliouita usingizi.

Swali letu ni hili: kosa lilikuwa la nani? Saa haikusema uongo, maana haina ulimi. Kijana hakukusudia ubaya. Alinunua kwa upendo na akasoma kilichoandikwa. Lakini mtu mzima alitoa ushuhuda juu ya mwili wake mwenyewe, nasi tukauweka chini ya ushuhuda wa chombo kisichomjua. Twaona hilo ni kumdhulumu, hata kama hapakuwa na nia mbaya. Atakayesema kwamba watu nao hukosea, kwamba mwenye shinikizo la damu aweza kujiona mzima, amesema kweli. Hatutupi vipimo. Ila kipimo kikipingana na mtu, yafaa kiwe sababu ya kumwuliza zaidi, wala si ya kumnyamazisha.

Wapo waliofanya hivyo si mbali nasi. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Watu 33 walivaa vifaa kama saa kwa siku 20. Walilala zaidi kidogo ya saa sita kwa usiku, wakiamka-amka. Katika muda wote uliopimwa zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa usingizini pamoja. Mtu wa mjini angesema hao ni wagonjwa. Lakini watafiti waliwauliza wenyewe, na hakuna aliyelalamikia usingizi wake.

Kwetu kifaa kilisifu na mtu akaugua. Kwao kifaa kilishuku na watu walikuwa wazima.

Mama sasa anatibiwa nyonga. Saa yake imo kabatini, ya kwetu bado twaivaa kwa ajili ya kujua wakati. Kijana hupiga simu kila asubuhi. Huanza na “Shikamoo, mama, umeamkaje?” kisha hungoja, na siku nyingine jibu huwa refu hata tukaenda kukamua ng’ombe na kurudi.