Faili Iliyosimama

Baba alikuwa karani wa masjala. Faili ikiinama rafuni aliisimamisha. Ikiachwa hivyo karatasi hupinda, kisha huteleza nyuma ya nyingine, ndiyo basi. Nikakua nikidhani mpangilio ndio uadilifu.

Lakini kuna Hanslope Park, Uingereza. Faili zipatazo 1,500 za Kenya ya kikoloni, zilizohamishwa uhuru ulipokaribia, zilikaa huko kimya hadi serikali yao ilipokiri mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa tayari wameishtaki London. Hazikuwa zimepotea. Huku kwetu nako, faili ya shamba “haionekani” mpaka utoe kitu kidogo. Nani amemkosea mzee zaidi: anayepoteza, ama anayetunza na kunyamaza? Mimi namlaumu wa pili. Alijua rafu.

Nilimsomea Baba haya. Akauliza kama waliziweka zikiwa zimesimama.