Dakika Tano za Kila Ijumaa

Bwana mmoja wa Tudor, Mombasa, alipata kazi Muscat kwa mkataba wa miaka mitatu. Gari lake lilikuwa Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hakutaka kusikia habari ya kuliuza. Aliliingiza bandani, akalifunika turubai, akamkabidhi mpwa wake ufunguo.

"Kila Ijumaa ukitoka msikitini, liwashe dakika tano. Lisilale."

"Inshallah, mjomba."

Muda wote injini ilipokubali kuwaka, kijana hakukosa hata wiki moja. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki: gari halikuharibiwa na uzembe, liliharibiwa na agizo lililotimizwa barabara.

Petroli ikiungua hutoa maji. Mvuke wa lita moja ya petroli iliyoungua, ukipozwa wote, hutoa kiasi cha lita moja ya maji. Gari likiendeshwa nusu saa, injini hupata moto sawasawa na mvuke huo hutoka kwa eksozi. Likizimwa baada ya dakika tano, chuma kingali vuguvugu. Mvuke hugeuka matone ndani ya eksozi na kwenye kuta za silinda, na mwingine hupenya kando ya ringi ukaingia kwenye oili. Humo huchanganyika na masalia ya moto, hufanya asidi, na asidi hula bering. Tena oili yenyewe ilikuwa nyeusi tangu siku ya safari, kwani mwenyewe alisema ataibadilisha akirudi. Oili hubadilishwa kabla ya kulilaza gari, kisha injini huwashwa ipate moto ili oili safi ifike kila mahali.

Mwaka wa pili petroli iliyochacha iliacha gundi kwenye vijitundu vya kabureta, injini ikakataa kuwaka. Mpwa aliona haya kumpigia mjomba wake simu. Miezi ikapita, hewa ya chumvi ikaingia kwa valvu zilizosimama wazi, na ringi zikashikana na kuta za silinda kwa kutu.

Bwana aliporudi, stata iligonga mara moja ikanyamaza. Pengine hapo bado injini ingeokolewa. Lakini alifunga kamba kwenye lori, akatia gia, gari likavutwa. Kikasikika chuma kinavunjika.

Gereji walipofungua walikuta uji mweupe wa oili na maji chini ya kifuniko cha valvu, na ringi vipande vipande. Silinda hedi, ambayo kwenye 504 ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, ilikuwa imeliwa kando ya njia za maji, maana rejeta ilijazwa maji ya kisima badala ya kulanti.

"Lakini fundi, lilikuwa likiwashwa kila wiki!"

"Ndiko kulikoliua, mzee. Kamba ilimalizia tu. Ungetoa plagi, ukatia oili kila silinda, ukangoja siku kadhaa, kisha ukajaribu kuzungusha kwa mkono polepole, huenda ringi zingeachia."

Kazi iliyohitajika kabla ya safari ni ya nusu siku. Oili na filta mpya, kulanti mpya. Kwa kulaza miezi michache, tangi la chuma hujazwa mpaka juu ili unyevu usipate nafasi. Kwa miaka mitatu, afadhali petroli yote itolewe, hata ile iliyobaki ndani ya kabureta. Kisha plagi hutolewa, kila silinda humiminiwa kijiko cha oili, injini huzungushwa kwa mkono, plagi hurudishwa. Matambara yenye oili hushindiliwa kwenye eksozi na kwenye njia ya hewa, ambako panya hupenda kujenga. Betri hutolewa ikachajiwa kila mwezi mahali pengine.

Kama una gari la zamani na safari iko karibu, mwite fundi wako kabla hujafunga sanduku. Andika kwenye karatasi kwamba eksozi imezibwa, uifunge kwenye usukani. Na yule unayemwachia ufunguo, mwambie waziwazi kwamba kulitunza gari hilo ni kutoliwasha.