Je, Aliyeshindwa Mara Nyingi Anadai Ushindi?

Mtu apatwapo na hasara moja huvumilia; zikifuatana kumi, moyo wake huanza kunena. Husema, Nimekosa nini? Au husema, Sasa bahati yangu haina budi kugeuka, maana nimekwisha kulipa vya kutosha. Maneno haya mawili twataka kuyapima leo, na mfano wetu twautwaa mahali ambapo wasomaji wetu hawakutazamia, yaani kwenye meza ya karata.

Huko Marekani uko mchezo wa karata uitwao poka, nao huchezwa kwa fedha. Tangu mwaka 1970 wachezaji hodari hukutana Las Vegas kila mwaka kushindana. Wako ambao kazi yao ni hiyo tu, nao hujifunza kama fundi ajifunzavyo ufundi wake. Hata hivyo hodari naye hushindwa, pengine kwa miezi. Sababu yake yahesabika. Katika namna ya poka ichezwayo sana, kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa wazi mezani. Mwenye ree mbili akishindana na mwenye wafalme wawili, hushinda kadiri ya mara 82 katika 100. Basi zile mara 18 hukosa ushindi, ingawa hakutenda kosa lo lote. Kupatwa hivyo mara tatu mfululizo ni kadiri ya mara 6 katika 1000. Ni haba, lakini achezaye miaka mingi atayaona.

Wenye akili katika mchezo huo hufundishana mambo matatu: tendo lipimwe kwa jinsi lilivyotendwa, si kwa tokeo lake tu; aliyekasirika na aondoke mezani; tena karata hazikumbuki. Hili la tatu ndilo gumu. Tarehe 18 Agosti 1913, huko Monte Carlo, kipira cha gurudumu la kamari kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu wakazidi kuweka fedha juu ya nyekundu, wakidhani zamu yake imefika, wakapoteza mali nyingi. Gurudumu halikujua zamu.

Hata Dostoevsky, mwandishi mkuu wa Urusi, aliyekuwa Mkristo na mtu wa akili nyingi, alinaswa na gurudumu katika miji ya Ujerumani. Aliweka rehani mavazi na vito vya mkewe Anna. Aliamini ya kuwa mtu akiutuliza moyo wake hana budi kushinda. Mwaka 1871, huko Wiesbaden, alipokwisha kupoteza fedha zake, Anna akampelekea thaler 30 za nauli ya kurudi nyumbani, nazo akazipoteza. Baada ya hapo hakucheza tena.

Wahenga husema, Subira huvuta heri. Lakini mcheza kamari naye hulitumia neno hilo! Basi twaitofautishaje subira na ukaidi? Twaona hivi: mwenye subira hungoja akiitenda kazi iliyo njema, hata isipolipa leo, mkaidi hurudia jambo kwa sababu tu limekwisha kumgharimu.

Wala hatuisifu kamari. Mtu aweza kusema kwamba wote mezani wamekubali. Lakini Luther, katika Katekisimo Ndogo, afundisha ya kuwa amri ya saba haikatazi wizi tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani aitunze mali yake. Ashindaye kwa karata hula hasara ya mwenziwe, na mara nyingi hasara hiyo ni chakula cha watoto. Siku hizi vijana wetu hawana haja ya kwenda Las Vegas. Kamari imo katika simu zao. Basi, wazazi na walimu, tuwaambie wazi: simu haina deni kwako.

Lakini tujiangalie na sisi. Mwalimu wa kanisa afundisha wanafunzi kumi na wawili wa ubatizo, wanabaki wawili. Mkulima apanda mara tatu, mvua inakataa. Mmoja asema, Mungu ameniadhibu. Ndivyo rafiki zake Ayubu walivyodhani, wakakemewa. Mwingine asema, Nimemtumikia miaka mingi, sasa anidai nini zaidi? Na anilipe. Huyu anasali kanisani, lakini imani yake ni ya meza ya kamari. Neema haina zamu, wala haiuzwi kwa machozi.

Tufanyeje basi? Kwanza tusikatae kwamba pengine kosa ni letu. Mchezaji mwenye busara humwonyesha mwenziwe jinsi alivyocheza, amwambie kweli. Nasi na tumwite ndugu, asikilize mafundisho yetu, alitazame shamba letu. Akiona kosa, tulitengeneze. Asipoona kosa, turudi kazini pasipo hasira. Mwenye karata hana nyuma ya karata zake mtu amjuaye. Sisi tunaye Baba. Hakutuahidi mavuno ya kila mwaka, bali ametuita tuwe waaminifu, naye hatupimi kwa hesabu ya wale wawili waliobaki. Basi, mwalimu, kesho kengele ikilia, uwafundishe hao wawili kama ungaliwafundisha kumi na wawili.