Kabla Hujataja Bei ya Noti ya Mjerumani

Wanangu mnaofungua masanduku ya babu zenu, nasema nanyi. Naona kijana akishika noti ya Mjerumani, swali lake la kwanza ni bei. Amelishwa habari za rupia inayovuta mchele, akaamini kwamba kila kitu cha zama zile kina mnunuzi wa mamilioni anayemsubiri hotelini. Rupia haivuti mchele. Inavuta matapeli.

Jueni kwanza mlichoshika. Noti za mwaka 1905 za koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani zilichapwa kule Leipzig na Giesecke & Devrient kwa ufundi mkubwa: rupia 5 ina simba, rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam, 50 na 100 zina sura ya Kaizari Wilhelm II. Hizo hazina taabu kuzitambua. Taabu ilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Manowari za Waingereza zilipoziba pwani, noti mpya kutoka Ujerumani zikakatika, na mwaka 1915 noti zikaanza kuchapwa hapa hapa nchini. Ndizo zile zenye maneno Interims-Banknote, noti za muda, na majina Daressalam na Tabora. Mpiga chapa alitumia karatasi aliyoipata na herufi alizokuwa nazo. Karatasi ikiisha, alishika nyingine. Hakuwa na nia ya kuwachosha wakusanyaji wa miaka mia baadaye, lakini amewachosha.

Chukueni rupia 1. Mkiitazama haraka mtasema zote ni moja. Someni tarehe: kuna ya 1 Septemba 1915, ya 1 Novemba, ya 1 Desemba, na ya 1 Februari 1916. Mkishapata tarehe, tazameni herufi iliyo karibu na nambari, kisha rangi na unene wa karatasi, kisha sahihi: ni za nani, na zimeandikwa kwa kalamu au zimechapwa? Geuzeni nyuma, msome na huko. Katalogi ya Albert Pick huzipanga kwa nambari na herufi ndogo. Ya Holger Rosenberg, ya Kijerumani, ni nzuri kwa noti hizi za koloni. Anayetaja bei bila kujua nambari ya katalogi anabahatisha, hata akiwa na mvi kama zangu.

Halafu kuna zile za 1917. Dar es Salaam na Tabora zilikwisha kutekwa Septemba 1916, jeshi la Kijerumani likawa linarudi kusini, na noti zikagongwa kwa herufi za mpira. Wakusanyaji huziita noti za porini. Mimi nazipenda kuliko zile za Leipzig, kwa sababu mkono wa mtu unaonekana ndani yake: herufi moja imepanda, nyingine imefifia. Ndiyo maana pia ni rahisi kuzighushi. Mwenye mihuri ya mpira na karatasi kuukuu anaweza kujaribu leo jioni. Basi chukueni lenzi inayokuza mara kumi. Wino wa muhuri wa mpira mara nyingi hujikusanya ukingoni mwa herufi. Chapa ya herufi za risasi hubonyeza karatasi, ukipapasa nyuma utaihisi. Mashine ya kuchapa ya kompyuta huacha vinukta vya rangi. Washeni na taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti madukani. Karatasi nyingi za siku hizi zina dawa ya weupe, nazo hung'aa kwa buluu. Karatasi ya 1917 haina dawa hiyo. Lakini isipong'aa msishangilie mapema, kwani mghushi mjanja hutafuta kurasa tupu za vitabu vya zamani.

Msizioshe. Msizipige pasi. Mpasuko msiuzibe kwa selotepu, maana gundi yake huingia ndani ya karatasi na doa halitoki. Kunjo la asili mkusanyaji hulisamehe. Lakini aliyepiga pasi hamsamehe, kwa sababu pasi imelaza ile alama ya chapa ambayo angeipapasa.

Na jihadharini na mnunuzi mpole. Mnamwekea rundo, anasema zote ni za kawaida, bei moja, kisha anaomba achague mbili tu. Kama zote ni sawa, anachagua nini? Mwambieni achukue rundo zima au aache. Akikazania zile mbili, zirudisheni nyumbani, mkae nazo na katalogi.

Kila noti iwekeni katika bahasha yake, na juu ya bahasha andikeni kwa penseli mlikoipata: sanduku la nani, kijiji gani, mwaka gani. Fanyeni hivyo wakati bibi yenu bado yupo wa kuulizwa.