Aliye Tayari Kukaguliwa

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, mabishano hurudi palepale kwenye mitambo. Itanunuliwa kwa nani? Nani atashika nywila? Matokeo yatapitia wapi kutoka kituo cha Turkana hadi ukumbi wa kujumlishia kura jijini Nairobi? Vijana nao wana lao: mbona tunatuma pesa kwa simu, tunalipa karo na kodi ya nyumba kwa simu, ila kura bado turauke alfajiri kuipangia foleni? Ni maswali ya haki, na Agosti 2027 haiko mbali. Ila yote yanauliza juu ya vifaa, na historia yetu inaonyesha kwamba vifaa havijawahi kuwa kiini cha ugomvi.

Pesa ikipotea njiani, mwenyewe hujua papo hapo. Salio litamwambia, naye atapiga simu alalamike. Kura haiko hivyo, kwa kuwa ni siri. Haifai hata aliyeipiga aweze kuthibitisha baadaye alimchagua nani, maana anayeweza kuthibitisha anaweza pia kununuliwa au kutishwa. Ikishatumbukia sandukuni, haina tena mwenyewe wa kuidai, na kinachobaki kuilinda ni macho ya wanaoshuhudia ikihesabiwa. Ndiyo sababu Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua, Machi 2009, kwamba mashine za kupigia kura zilizotumika katika uchaguzi wa 2005 zilikiuka katiba. Haikusema kura ziliibwa. Ilisema raia asiye mtaalamu lazima aweze kuzifuata hatua muhimu za uchaguzi na kuzikagua mwenyewe.

Lakini macho peke yake yanatosha? Wanaokumbuka mlolongo wa 1988 watasita kujibu. Katika mchujo wa chama cha KANU mwaka huo, wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya wagombea wao au mawakala wao. Hapakuwa na karatasi wala nywila, na hata mtoto wa shule angeweza kuhesabu. Hata hivyo, zipo sehemu ambako mwenye mlolongo mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Watu walipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nao. Kila mtu alikuwa ameona, na hakuna aliyekuwa na cha kushika mkononi mbele ya mkubwa aliyejua kuwa hatamjibu yeyote.

Mitambo yetu ilizaliwa na msiba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, kisha tume ya Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ikaeleza jinsi hesabu zilivyovurugika hata isiweze kujulikana nani alishinda. Tukatafuta dawa kwenye teknolojia. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilizima katika vituo vingi na mfumo wa kupeperusha matokeo ukakwama. Mwaka 2017 vifaa vilikuwa vipya, lakini Mahakama ya Juu ilipoagiza seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe, agizo halikutekelezwa kikamilifu. Septemba 1, majaji wanne kati ya sita, akiwamo Jaji Mkuu David Maraga, walifuta uchaguzi wa urais, na kukataa huko kufungua seva kukawa sehemu ya sababu zao. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Aliyekuwa na matokeo safi angepungukiwa na nini kwa kuyaonyesha?

Tazama basi kinachofanyika kituoni baada ya saa kumi na moja jioni. Sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala. Msimamizi anainua karatasi moja moja, anaionyesha, anasoma jina. Wakibishana juu ya alama iliyogusa mistari miwili, wanaitazama pamoja hadi waelewane au waiweke kando. Hesabu inaandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni, kisha kifaa kinaipiga picha na kuituma. Mwaka 2022 tume iliziweka wazi mtandaoni fomu za vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye simu na subira akaweza kujumlisha. Mashine haikuaminiwa kwa werevu wake. Ilibeba tu karatasi ambayo watu wa kijiji kile walikuwa wameiona, na ambayo wangeweza kuilinganisha na ile ya mlangoni. Hata mkulima ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe hadi kifaa kikashindwa kumtambua asubuhi ya siku hiyo, bado alikuwapo katika hesabu hiyo, kwa kuwa karani alimtafuta kwa nambari ya kitambulisho mbele ya mawakala.

Je, ugomvi uliisha? La. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya urais, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na Septemba 5 majaji wote wakayaidhinisha. Tofauti ni kwamba safari hii kila upande ulikuwa na fomu zilezile mezani. Hapo ndipo mzigo ulipohama. Tumezoea kuidai tume uaminifu, na ni haki yetu. Lakini uwazi humdai pia anayeutazama. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nasi tunalisema hilo kila msimu wa kampeni, mara nyingi tukimwelekezea kidole jirani. Mtu aliyejumlisha mwenyewe, akapata jibu asilolitaka, kisha akasema lazima mitambo imechezewa, hakuwa anatafuta ukweli. Alikuwa anatafuta ushindi. Na aliyeshinda akakasirika kwa kuambiwa aonyeshe hesabu zake, yeye anatafuta nini?

Wanaozitaka kura zetu mwaka 2027 watatueleza kwa kirefu barabara na hospitali watakazojenga. Tuwaulize jambo jingine mapema, kabla hawajajua kama watashinda: ukitangazwa mshindi, utakubali kila fomu na kila seva ifunguliwe? Na fomu zikionyesha umeshindwa, usiku huo utawaambia nini wafuasi wako?