Akiba Haiozi

Mwezi Oktoba mwaka jana mwanangu wa pili aliniletea magunia mawili ya mahindi kutoka shambani kwake Makambako. Baada ya kuamkiana na kunywa chai, tuliyabeba ili tuyaweke stoo. Mlango wa stoo ulifunguka kiasi cha upana wa kiganja, kisha ukagoma. Tukausukuma kwa mabega. Ndani kitu kikaanguka, kikaangusha kingine, na vumbi likatujia usoni.

Tulichokikuta ndugu msomaji atakijua bila kuambiwa, maana nadhani hata kwake kipo. Matairi ya baiskeli ambayo baiskeli yake iliibwa zamani. Taa ya chemli isiyo na kioo, na koroboi nne za enzi ambazo umeme ulikuwa haujafika mtaani kwetu Kihesa. Redio bubu. Viti viwili ambavyo kwa pamoja vilikuwa na miguu mitano. Mafungu ya magazeti ya Uhuru na Mzalendo, maandalio yangu ya masomo ya miaka thelathini, madebe, chupa, mizinga mitupu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ilhali ng'ombe wa mwisho nilimuuza mwaka 2004. Na nyuma kabisa, chini ya kanga iliyopauka, cherehani ya marehemu mke wangu.

"Baba, makorokoro yote haya ni ya nini?" mwanangu akauliza.

Nikamjibu kwa methali, kama ilivyo desturi ya walimu wanapokosa jibu: "Akiba haiozi, mwanangu."

Yeye hakubishana. Alichukua mfuko wa mahindi ya mbegu niliyokuwa nimeyahifadhi humo sikumbuki mwaka gani, akaufungua, akaumimina sakafuni. Ulitoka unga wa kijivu na maganda. Dumuzi walikuwa wamemaliza kazi yao. Mwanangu akanitazama, nami nikatazama pembeni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kwa mara ya kwanza linaonekana dogo: Je, mtu anayo haki ya kuweka kitu asichokitumia? Na kama anayo, haki hiyo inakoma wapi?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kwanza kuwatendea haki watu wa rika langu. Vijana hutucheka kwa kutotupa kitu. Wangejua tulikotoka wasingecheka. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, mama yangu kule Mufindi alihamishwa kutoka katika nyumba aliyoolewa. Lori lilikuwa moja kwa kaya nyingi, na kila mmoja alitakiwa achague cha kupakia. Mama alichukua kibuyu cha mbegu, chungu kimoja, jembe, na kigoda cha baba. Vingine vyote vilibaki. Mpaka anafariki alikuwa akikumbuka kitu kimoja kimoja alichokiacha, utadhani anaita majina ya watoto. Mtoto aliyelelewa na mama wa namna hiyo hatupi kifuniko cha chupa.

Kisha ikaja miaka ya shida baada ya Vita ya Kagera. Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na kanga. Mke wangu, ambaye hakupata kuwa mlanguzi hata siku moja maishani mwake, alikuwa akikusanya sabuni za mche, mmoja mmoja, akiziweka chini ya kitanda chetu. Ilipofika mwaka 1983, zikiwa zimefikia miche kumi na minne, Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Tukasikia kwamba watu wanatupa bidhaa mitoni na vichakani kwa hofu ya kukamatwa nazo. Mimi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kuheshimika kijijini, nililala nikitetemeka juu ya sabuni kumi na nne. Usiku wa pili tulitoka na jembe, tukazifukia shambani ndani ya gunia. Mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha. Tulipozifukua mwezi Juni, tulikuta uji mweupe uliochanganyika na udongo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu mwezi huohuo jirani yetu mmoja alikuwa amejifungua, na nguo za kichanga chake zilikuwa zikifuliwa kwa majani ya mpapai.

Naomba msomaji akishike kisa hicho, maana nitakirudia.

Kuanzia bajeti ya mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa. Mitumba ikaingia, ndoo za plastiki zikaingia, vyombo vikajaa madukani. Mtu angedhani kwamba uhaba ukiondoka, hofu nayo itaondoka. La hasha! Mikono yetu ilikuwa imekwisha zoea kukusanya. Vitu vilivyopokuwa haba tuliviweka kwa sababu vilikuwa haba, na vilipokuwa tele tuliviweka kwa sababu tulikwisha jizoeza kuweka. Ile mifuko ya plastiki tuliyoiita rambo, nyumbani kwangu ilitunzwa ndani ya rambo kubwa lililotundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, nilikuwa nayo ya kutosha kufungia bidhaa za soko zima.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya makorokoro: hofu ya kukosa. Sababu ya pili ni uvivu, nao si uvivu wa mikono bali wa kuamua. Kila kitu kilichomo stoo ni swali ambalo mwenye nyumba aliliahirisha. "Nitakitengeneza." "Nitampa fulani." "Nitafikiri." Kitu chenyewe hakina kosa, kinakaa kikisubiri jibu.

Wapo wanaosema dawa yake ni kutupa vyote. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alipenda kutusimulia habari za Diogenes, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi ndani ya mtungi mkubwa, mali yake ikiwa ni kikombe na vitu vichache. Siku alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja, alikitupa kikombe kwa aibu ya kushindwa na mtoto. Tulimsifu sana Diogenes tukiwa vijana wa bwenini wenye sanduku moja la bati kila mtu. Leo namwona kwa jicho lingine. Diogenes hakuwa na wakwe. Hakufikiwa na wageni kumi na wawili usiku wa msiba. Katika nchi hii mwenye sufuria moja tu ni mzigo kwa majirani, kwa kuwa kila siku ya shughuli ataazima. Wahenga nao walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Kumiliki si dhambi, na sufuria kubwa inayotoka mara mbili kwa mwaka kwenda kupikia wali wa arusi si korokoro hata kidogo.

Sasa nifike kwenye sababu ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kumbukumbu.

Mke wangu alifariki mwaka 2012. Kwa cherehani ile alishona sare za shule, mashati yangu, na nguo za ubatizo za watoto wetu wote. Baada ya matanga niliifunika kwa kanga yake, nikaipeleka stoo kwa mikono yangu mwenyewe. Mwaka 2016 binti wa jirani, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kujifunza ushonaji, alikuja kunisalimia. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo babu. Naomba uniazime cherehani ya bibi. Nitakuwa nakulipa kidogo kidogo."

Nilimwambia, "Nitafikiri, mjukuu wangu."

Msomaji, nilifikiri kwa miaka miwili. Kila aliponiamkia njiani nilijua anachosubiri, naye kwa adabu yake hakurudia kuuliza. Mwaka 2018 mama yake akaniambia pale kwenye uzio kwamba binti amekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kama wanavyokwenda mabinti wengi wa mkoa wetu. Hakunilaumu. Alinipa tu habari, kisha akaniuliza hali ya mahindi yangu.

Sisemi kwamba cherehani ingemzuia asiende. Huenda angekwenda tu. Ninachosema ni kwamba mimi sikumpa nafasi ya kujua, na nilimnyima kwa jina la upendo. Niliamini namtunza mke wangu. Siku tulipoiondoa kanga ile mwaka jana tulikuta panya wamekula mkanda na kuzaa ndani ya droo yake, na chuma kimeshika kutu. Nilipoipeleka kwa fundi kule Mashine Tatu, aliigeuza huku na huku, akasema, "Mwalimu, hii haikuharibiwa na kazi. Imeharibiwa na kukaa."

Basi je, kumbukumbu haina thamani? Swali hilo lilinipeleka Kalenga pamoja na wajukuu wangu wawili. Ni mwendo mfupi kutoka mjini Iringa. Pale, ndani ya jumba dogo la makumbusho, limo fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Wahehe hawakuacha kulidai. Hatimaye Gavana Edward Twining alilikuta katika makumbusho ya mji wa Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa ukoo. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi hapohapo Kalenga.

Nikiwa nimesimama mbele ya kile kioo, mjukuu wangu wa kike aliuliza, "Babu, na yale mafuvu mengine yalikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilitambua, hata hivyo, kwamba ameniuliza juu ya stoo yangu. Kule Bremen mafuvu yale yalikuwa yamewekwa, tena kwa uangalifu, kwenye rafu. Kuwekwa hakukuyapa heshima. La Mkwawa lilipata heshima kwa sababu walikuwapo watu waliolijua jina lake, waliolisimulia, na waliokuwa tayari kulilipia gharama. Ndiyo tofauti kati ya kuweka na kutunza. Kuweka hakudai chochote ila nafasi. Kutunza kunadai jina, kazi na mtu. Kanga niliyoitupia juu ya cherehani haikuwa kumbukumbu ya mke wangu. Ilikuwa njia ya kutomtazama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtu anayo haki ya kuweka kitu alimradi anakitunza, na haki hiyo inakoma pale ambapo mwingine anakihitaji nasi hatuna neno la kumwambia isipokuwa "nitafikiri". Sabuni iliyoyeyuka ardhini ilikuwa na mwenyewe, naye hakuwa mimi. Alikuwa kichanga cha jirani. Akiba haiozi ikiwa inatembea. Ikilala, inaoza kama kitu kingine chochote, na kabla ya kuoza kwake anaoza kidogo yule anayeilalia.

Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na leja ya vifaa vya shule. Kila mwisho wa mwaka tulihesabu madawati, majembe, vitabu. Kilichovunjika kiliandikiwa hivyo, kilichoazimwa kiliandikwa kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo nilivyowafundisha watoto, huku nyumbani kwangu sikuwa na hata ukurasa mmoja. Sasa ninalo daftari. Kwa kila kitu ninajiuliza maswali matatu: Kilitumika lini? Nani anakihitaji leo? Kama nakibakiza, naweza kumweleza mjukuu wangu kwa nini? Kwa njia hiyo magazeti nimepanga yale yenye habari za kukumbukwa na kumpa mwalimu wa historia, na mengine yamewashia moto. Madebe yamekwenda kwa mwuza vitumbua. Maandalio ya masomo nimebakiza la mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa sababu makosa yake yananifaa. Kigoda cha baba kimetoka stoo. Ninakikalia ninapoandika haya.

Nimebakiza kueleza habari za cherehani. Fundi aliitengeneza. Desemba binti yule alikuja likizo, sasa akiwa na mtoto mgongoni, nami nikamwita na kumwambia ni yake, bure, na nikamwomba radhi. Alipiga goti vilevile kama zamani. Kisha akatabasamu kwa haya, akasema, "Ahsante sana babu. Lakini kule Mbagala tuna chumba kimoja. Nitaiweka wapi?"

Nilikuwa nimechelewa kiasi kwamba zawadi yangu ilikuwa imegeuka korokoro mlangoni kwake. Tulikubaliana ichukuliwe na mama yake. Siku nyingine jioni huisikia ikilia upande wa pili wa uzio, wakati mwingine ikikwama, maana mama yule bado anajifunza. Katika daftari langu nimeandika: "Cherehani moja. Imetoka. Imechelewa miaka minane na zaidi." Hata mwanafunzi aliyechelewa tulimwandika hivyohivyo kwenye rejista: alikuja, ila alichelewa.

Nawe msomaji, ukimaliza ukurasa huu, nenda kajaribu mlango wa stoo yako. Ukigoma, usianze na matairi. Anza na kile kilichofunikwa kanga.